Kisima cha Khalfani

Jumatatu, 3 Februari 2025

Hakuna mtu katika mji huu wa Arusha anayeisoma ramani ya majitaka kama mimi. Hayupo! Wamekuja wageni na kamera zao za kuingiza kwenye mabomba, wameondoka vichwa chini. Mimi napiga jicho moja tu – hapa pana chemba, pale pana kona, pale bomba limekufa. Hivyo ndivyo nilivyomwambia leo injinia wa majitaka. Binti, anaitwa Diana. Buti za mpira mpya kabisa, hazijaonja kinyesi. Akatandaza ramani juu ya boneti ya gari. Nikaweka kidole. Nikatikisa kichwa kama daktari.

Akasema kwa adabu: shikamoo tena, babu, lakini ramani umeigeuza juu chini.

Haya. Uongo. Niandike hapa, hapa hakuna wa kunicheka. Mimi ni darasa la nne, Ngaramtoni, na la nne lenyewe nililimaliza nikichunga. Ramani sijui, sijawahi kujua. Miaka ishirini na sita nimezibua mabomba ya mji huu kwa pua na miguu. Mwenye kusoma michoro alikuwa Khalfani. Naye alisoma kwa sauti, herufi moja moja, kama mtu anayekula samaki mwenye miba.

Khalfani amekufa. Tangu Agosti. Naandika tena kwa sababu mkono hauamini.

Diana anataka nini? Jiji limetoa sheria ndogo mpya. Kila kiwanda kionyeshe majitaka yake yanakwenda wapi. Kila chemba ifunguliwe, ihesabiwe, iandikwe. Nikamwambia mtahesabu mpaka mpate mvi kama hizi zangu. Akacheka. Ana mwanya mzuri. Mzee aliyebaki wa kikosi chetu cha majitaka ni mimi peke yangu, kasema, kwa hiyo atarudi.

Nilisahau kumuuliza kijito cha bondeni kinanuka nini siku hizi.

Sikusahau. Sikuuliza.

Jumanne, 4 Februari

Nimeshuka bondeni kwa Twahira, mjane wa Khalfani. Bustani yake iko kando ya kijito, mchicha na mnafu, matuta yamenyooka kama mistari ya daftari. Miaka thelathini analima pale. Amesomesha watoto wanne kwa majani.

Leo mchicha ulikuwa umeungua ncha. Kama mtu kapita na kijinga cha moto. Na maji ya kijito! Rangi ya maji ya kuoshea utumbo, povu limekaa kwenye mawe halitaki kuondoka. Harufu ya ngozi mbichi. Naijua harufu hiyo.

Nikamtania. Nikasema shemeji, mbona mboga zako zimevuta sigara? Akasema ungekuja na jembe badala ya mdomo ningekupikia chai. Kisha akanipikia.

Nikamuuliza kwa nini hachoti kwenye kisima cha marehemu. Akanionyesha bega. Kamba imemshinda. Marehemu ndiye aliyekuwa akivuta, ndoo arobaini kila asubuhi, na yeye tangu eda iishe... maji si haya hapa yanapita bure? Amerudi kijitoni.

Kisima chenyewe kiko upande wa juu, hatua ishirini tu kutoka kijitoni. Mtaa mzima ulicheka kilipochimbwa. Mwaka jana kiwanda cha ngozi kule juu kilifunguliwa tena, mwenye mali mpya, geti jipya. Wiki ile ile Khalfani akachukua sururu akaanza kuchimba. Ana miaka sabini na moja! Mimi nilikaa ukingoni nikila karanga. Nikampigia kelele, we Mrangi, unatafuta kwenu Kondoa huko chini? Akainua uso, udongo mpaka kwenye kope. Akasema, shuka wewe basi.

Nikacheka.

Nilijua anachimba kwa nini. Tulijua wawili tu duniani. Sasa tumebaki mmoja.

Alhamisi, 6 Februari

Siku mbaya. Bwana afya amekuja bondeni. Joel, kijana wa shati la mikono mirefu na kalamu tatu. Diana alikuwa nyuma yake na chupa za sampuli. Nilikuwepo, nilikuwa nakunywa chai ya watu.

Joel kasoma barua kwa sauti. Maji ya kijito yana sumu. Wakazi wa bondeni wanatapisha vyoo ndani yake. Bustani zote za kando zing'olewe ndani ya siku saba, asiyeng'oa atang'olewa. Wa kwanza kwenye orodha: Twahira. Choo chake ndicho kilicho karibu.

Twahira kasimama na fagio. Kasema, mwanangu, choo hutapishwa na mvua. Mvua haijanyesha tangu Mwaka Mpya. Nimekitapisha kwa nini, kwa mate?

Watu wakacheka. Joel hakucheka. Akasema mama, nimetumwa.

Nikaingilia. Nikasema na kile kiwanda, kijana? Kinakunywa maji yake? Akafungua faili, akanionyesha kama anayenionyesha picha ya harusi. Kiwanda kina kibali. Kimeunganishwa na bomba la majitaka la jiji tangu 1987, maji yake yanakwenda kwenye mabwawa ya majitaka kule chini, hati ipo, mhuri upo. Sasa karatasi ikisema kiwanda ni safi, mchafu atakuwa nani? Mama mwenye mchicha.

Diana alikuwa anakitazama kijito. Akasema kwa sauti ya chini, hiki si kinyesi, Joel. Joel akasema lete karatasi nyingine basi. Diana hana.

Mimi pia sina. Ninayo kichwani.

Wanunuzi wawili wa Twahira waliokuja na vikapu wamegeuka. Mmoja kasema kwa nguvu ili wote wasikie, kumbe tunalishwa choo! Twahira kaingia ndani, kafunga mlango. Mwanamke huyu anayefua kanga mbili kwa siku!

Alipotoka macho mekundu. Akaniambia, shemeji, wewe ni mtu wa mabomba. Nisemee.

Nikasema nitaangalia.

Nitaangalia! Jibu la karani.

Ijumaa, 7 Februari

Sijalala vizuri. Niandike yote, labda yatatoka kichwani yakae kwenye karatasi.

1987. Kiwanda cha ngozi kinataka kuunganishwa. Tuko mimi na Khalfani na vibarua. Bosi analeta mchoro, anauliza nani anajua kusoma hiki? Nyapara alikuwa amestaafu, nafasi iko wazi. Nikanyoosha mkono. Mimi! Khalfani akanikanyaga mguu. Nikaunyoosha zaidi.

Mchoro ulisema, unganisha kwenye chemba namba saba. Khalfani kanisomea pembeni, sa-ba. Haya, saba naijua. Nikahesabu chemba zetu. Sisi watu wa kikosi tulihesabu kutoka mlimani tukishuka, kama maji yanavyokwenda. Mtu gani mwenye akili atahesabu maji yakipanda? Kumbe wa ofisini walihesabu kutoka mabwawani wakija juu! Saba yao si saba yetu. Saba yetu ilikuwa chemba ya mkoloni, ya maji ya mvua, mfuniko sawa, chuma sawa. Tukachimba, tukaunganisha, tukafukia. Wakamwaga lami. Bosi kanipa mkono mbele ya watu. Nyapara Lekishon!

Siku ya tatu tukapima, kwa njia yetu. Ukitaka kujua bomba linakwenda wapi, mwaga buluu ya kufulia huku, kisha kimbia uitazame itokee wapi. Tukamwaga kiwandani. Nikafungua chemba ya jiji inayofuata. Hakuna. Nikangoja. Hakuna. Khalfani alikuwa ameshuka bondeni kukojoa. Akarudi hana rangi usoni. Akasema, Lekishon, kijito ni buluu.

Nikasema, kesho tutarekebisha.

Kesho yake lami ilikuwa imekauka na mimi nilikuwa na koti la unyapara. Fomu ya kazi ilitaka sahihi. Mimi mwandiko wangu ulikuwa aibu, Khalfani akaijaza yeye, akaandika jina lake mwenyewe. Hakuniambia kitu. Alikuwa hivyo. Akikasirika ananyamaza, ukimkosea zaidi anakuletea muwa.

Ikapita miaka minane. Kiwanda kikafilisika, geti likaota majani, kijito kikawa kisafi. Khalfani akanunua kiwanja bondeni. Nikasema unaona! Mungu karekebisha mwenyewe. Hata lami hakubomoa.

Ndivyo nilivyosema. Miaka thelathini nimeisema kama utani.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Mchungaji kahubiri, sikumsikia. Niliweka mkono mfukoni nikakuta karanga za mwaka jana.

Mchana nikaenda kumvutia Twahira maji kisimani. Kazi ya kifala kwa mzee! Ndoo ya tano nikaona nyota. Ya tisa nikakaa chini. Twahira kasimama juu yangu na kopo la kunyweshea, kasema, nyapara mzima ndoo tisa?

Nikasema unyapara ni kuhesabu, si kuvuta.

Hakucheka. Akakaa kwenye jiwe. Akasema marehemu alimkataza maji ya kijito. Tangu siku alipoanza kuchimba. Alimwambia, usimwagilie yale, na usiniulize. Yeye alidhani ni uzee, akamwachia. Siku za mwisho, kifua kikiwa kimembana, bado alikuwa akiuliza: umechota wapi leo? Na yeye alikuwa akidanganya, kisimani, mume wangu, kisimani. Ili apumzike.

Kisha akanitazama. Ana macho makubwa yule. Akasema, shemeji, alikuwa anajua kitu?

Hapo ndipo mtu mzima angesema.

Mimi nikasema, alijua wewe ni mvivu, akakuletea maji karibu.

Akacheka sana. Akacheka mpaka akajifuta kwa kanga, na alipoondoa kanga hakuwa anacheka tena. Nikaomba ndoo nikaendelea kuvuta. Nimevuta kumi na nne. Usiku huu mikono haishiki kalamu, ndiyo maana maandishi yanatambaa.

Jumatano, 12 Februari

Kesho ndiyo siku ya saba. Vibarua wa jiji wanakuja na majembe.

Nimewaza. Nikimwambia Diana kwa mdomo, Joel atasema lete karatasi. Mzee wa darasa la nne dhidi ya mhuri! Basi nimeingia madukani kutafuta buluu. Siku hizi watu wanafulia sabuni za harufu, buluu hawaijui. Duka la kwanza hakuna. La pili wananiletea rangi ya ukuta. La tatu, mama mmoja kafukua chini ya kaunta, vumbi tupu, pakiti kumi na mbili. Akaniuliza, babu, unafua nini chote hicho? Nikasema suruali ya ujana. Akasema hiyo haitakati.

Kweli mama.

Nikampigia Diana. Nikasema kesho saa mbili, kiwandani, uje na buti na mtu wa kufungua mfuniko. Wewe una haki ya kuingia, sheria zako si ndizo? Akasema babu kuna nini? Nikasema kuna somo. Akasema atakuja. Hakuuliza tena. Hata Khalfani hakuwa akiuliza mara mbili. Kwa nini watu wema wote wamejaaliwa kunyamaza na mimi nikajaaliwa mdomo?

Alhamisi, 13 Februari

Naandika nikiwa nimekaa ukingoni mwa kisima. Saa tisa alasiri. Daftari nililiweka mfukoni asubuhi, sijui kwa nini. Labda nilijua sitafika nyumbani.

Nianze mwanzo.

Saa mbili kiwandani. Meneja hakupinga, alisema sisi tunalipia bomba la jiji kila mwezi, fungueni tu. Maskini hajui! Nilidhani nitamkuta mwizi, nimekuta watu walionunua kiwanda pamoja na kosa langu ndani yake. Mfuniko ukainuliwa. Ile harufu. Nikamwaga pakiti zote kumi na mbili na ndoo mbili za maji juu yake.

Tukaenda chemba ya jiji inayofuata. Diana kapiga magoti, tochi mkononi. Robo saa. Maji ya sabuni ya watu, mabaki ya wali, kondomu moja. Buluu hakuna. Akasema babu, haiji. Nikasema haiji.

Akainua uso. Hapo hapo simu yake ikalia. Joel, kutoka bondeni. Alikuwa akipiga kelele mpaka mimi nikamsikia: kijito kimekuwa rangi ya sketi za shule!

Tukashuka. Goti langu la kushoto lilikataa, Diana akanipa bega. Bonde zima lilikuwa limetoka. Vibarua wameegemea majembe. Kijito kinapita buluu kabisa, buluu ya kupendeza, kinapinda kwenye mawe, kinaingia kwenye mfereji wa Twahira, kinatambaa katikati ya mchicha. Mwaka ule sikuiona kwa macho yangu. Alishuka Khalfani peke yake.

Joel kakunja barua yake mara nne. Kamwendea Twahira, kasema, mama, samahani, choo chako hakina kosa. Kwa sauti, mbele ya watu. Nimemheshimu kijana yule. Mmoja wa wale wanunuzi alikuwepo, akatazama miguu yake.

Lakini mboga lazima zing'olewe. Diana ndiye aliyesema. Sumu ni sumu, mama, hata kama si yako. Na udongo usilimwe mpaka upimwe. Lini? Hajui. Kiwanda kitafungiwa leo, bomba litachimbuliwa. Udongo hajui.

Mimi nilidhani nikisema ukweli bustani itapona! Ujinga wa uzee. Niliusema ukweli miaka thelathini na minane baadaye nikataka uote siku ile ile.

Vibarua wakasogea. Twahira akanyoosha mkono, wakasimama. Akasema, nimeupanda mimi, nitaung'oa mimi. Akajifunga kanga kiunoni akaingia tuta la kwanza. Watu wakaondoka mmoja mmoja.

Diana alibaki. Akaniuliza mimi nilijuaje. Nikakohoa. Akangoja nimalize kukohoa. Akasema atakwenda stoo ya ofisi kutafuta fomu ya 1987, lazima iandikwe nani aliunganisha, taarifa haiwezi kwenda bila jina. Nikasema ile ilikuwa zamani, panya wamekula. Akasema, hapana babu, ameshaiona nakala kwenye faili la Joel. Mwandiko wa taratibu, mzuri. Jina ni Khalfani.

Akaniuliza, ulimfahamu?

Nilimfahamu!

Nikasema, kalamu yako iweke kwanza mfukoni. Nikasema nipe nafasi mpaka kesho asubuhi, kuna mtu anatakiwa kusikia kabla ya faili lako. Akanitazama. Akatazama chini kwenye matuta, akamwona Twahira ameinama. Nafikiri ameelewa nusu. Akaniacha.

Sasa nimekaa hapa. Ameng'oa matuta manne. Anaweka mafungu kama ya sokoni, mizizi upande mmoja, majani upande mmoja, ingawa hakuna wa kununua. Limebaki la mnafu. Mara mbili ameinua kichwa kunitazama. Amejua. Siyo yote, lakini anajua kwamba mumewe alichimba shimo hili kwa sababu, na kwamba sababu imekaa juu yake ikiandika.

Najaribu maneno ya kuanzia. “Shemeji, kosa lilikuwa langu, yeye aliweka jina tu.” Hapo atasema, na alinyamaza miaka yote, akanilaza kando ya maji hayo? Nitamjibu nini? Nikikutoa kwenye kosa, Khalfani, nakutia kwenye la kunyamaza. Nikijitia mimi peke yangu, nasema uongo tena.

“Shemeji, mumeo alikuwa hodari wa kuchimba.” Mjinga mimi.

Amejinyoosha. Anapangusa mikono kwenye kanga. Anakuja.

Khalfani, nisikilize. Una deni langu. Unakumbuka siku ile Twahira alikuletea chakula kazini, nawe ulikuwa umetorokea kwenye bao mchana kweupe? Nani alikuokoa? Mimi! Nilimwambia umo ndani ya chemba. Nikainama nikaita kwenye shimo tupu, “We Khalfani, mkeo kaja!” Nikamshika kwa hadithi robo saa nzima, mpaka ukapita nyuma ukajipaka tope ukatokea unahema. Hukunilipa. Hata muwa.

Nilipe leo. Sikuombi makubwa. Mshike kidogo pale kwenye tuta la mnafu, kanga imfunguke, achomwe na mwiba, chochote. Robo saa tu, ndugu yangu. Robo saa